Paa la Rangi ya Maji

3 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Nakushika mkono kwa mbali. Nakuombea afya, na hilo ndilo ombi langu la kwanza kila asubuhi kabla sijaweka mguu kwenye cherehani. Sisi huku tupo. Kaka yako anapaka rangi ile hospitali yote, anarudi jioni kijani mpaka kwenye kope. Na mimi bado napindia mashuka ya hospitali hiyohiyo. Kwa hiyo ukija ukaugua huku, utalala juu ya kazi yangu huku ukitazama kazi ya kaka yako, na utatupa sifa zetu utake usitake.

Nimeona nikuandikie barua kwa sababu kwenye simu Mama hasikii vizuri, na mimi nikisikia sauti yako naanza kulia, maneno yanapotea. Barua haioni machozi yangu.

Mama ndiye hasa ninayetaka kukueleza. Tangu mwezi uliopita hatoki tena kitandani. Muuguzi amekuja mara mbili, akasema hana ugonjwa wa kumtaja, ni mwili tu umechoka kubeba miaka. Haumwi. Anakula uji kidogo. Maneno yake yako sawasawa, isipokuwa kwenye jambo moja, nalo linahusu ile picha uliyomtumia mwaka aliotutoka Mzee.

Imetundikwa mbele ya kitanda chake, kwenye fremu ambayo kaka yako aliitengeneza kwa vipande vya dirisha. Kila asubuhi nikishafungua pazia ananiuliza, "Wamefika wapi leo?" Anaulizia ile nyumba ya kwenye picha, wifi! Anasema Mzee anaijenga huko aliko. Ameshasimamisha nguzo, na tao la kuingilia limekaa. Yale mawe yaliyolala kwenye majani ni mali iliyoletwa saiti, bado haijapandishwa. Na yule mtu mdogo aliyekaa juu ya jiwe, basi ndiye Mzee mwenyewe, amepumzika. Jua likiingia dirishani vivuli vya nguzo huwa kama vinasogea, naye anafurahi. "Leo wamechapa kazi." Siku ya mawingu ananiambia, "Leo hawakuja."

Mimi namjibu kama mtu aliyepita saiti. Nasema, "Naona wamefagia, Mama." Unajua namna anavyocheka bila sauti, mabega tu.

Lakini juzi akaniambia neno ambalo limenikaa kifuani kama mfupa. "Bado paa, mwanangu. Paa likikaa tu, mimi nahamia."

Kwa hiyo njoo, wifi. Sisemi zaidi. Anakutaja kila siku, "mwalimu wangu, mwalimu wangu," mpaka muuguzi anajua kwamba wewe ni mwalimu wa kuchora kwenye chuo kikubwa. Ulipokosa kumzika Mzee hakusema kitu. Sasa usimkose na yeye.

Nakumbuka mwaka ule kaka yako alipopaka chumba chake. Mama alilala sebuleni siku tatu, akagoma kabisa kuingia. "Nyumba haiingiwi rangi ikiwa mbichi," akasema, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba imekauka tangu jana yake. Ndiye Mama yako huyo. Hana haraka, ila akishaamua ameamua.

Wifi yako wa cherehani


16 Februari

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama.

Nashukuru kwamba Mama haumwi. Lakini kuna kitu sikielewi. Kwa nini anasema nyumba inajengwa? Nyuma ya karatasi niliandika wazi: Magofu. Ni magofu ya kale, majengo yaliyoanguka zamani sana katika nchi za watu, hata waliojenga hawajulikani. Hakuna anayejenga pale. Majani yameota juu ya nguzo, mtu anaona kabisa. Mama amekuwa mke wa mwashi miaka arobaini na sita, anashindwaje kutofautisha nyumba inayopanda na nyumba iliyoshuka? Naogopa ni akili inayoanza kwenda. Muulizeni muuguzi.

Kuhusu kuja, chuoni ni wakati wa mitihani. Haiwezekani kabla ya katikati ya mwaka. Namtumia shali ya sufu, ya rangi ya majivu. Mfunike magoti.

Picha msiiweke karibu na dirisha. Jua linaila.

Mwambie namwazia.

Wifi yako wa mbali


28 Februari

Wifi yangu,

Shali imefika, Mama ameivaa kichwani kwa sababu anasema magoti hayaendi popote.

Akili ya Mama haina neno. Aliyekosea ni mimi, na nimekaa na kosa hili miaka mitatu kama mtu aliyeficha sufuria iliyoungua.

Siku picha yako ilipofika ilikuwa wiki ya pili baada ya mazishi. Nyumba ilikuwa bado imejaa viti vya kuazima. Mama akaifungua, akaitazama, akaigeuza nyuma, na wewe unajua yeye herufi hazijui. Akaniuliza, "Mwanangu ameandika nini hapa?" Nikasoma moyoni: Magofu. Wifi, ningeyatamkaje? Mwanamke amezikiwa mume mwashi siku kumi na moja zilizopita, mkono wake bado unatafuta mtu kitandani, halafu mimi nimsomee neno kama hilo! Ulimi wangu ukasema wenyewe, "Ameandika: Nyumba ya Baba."

Akaibusu karatasi. Kuanzia hapo ikawa nyumba ya Baba. Nimetubu kwa Mungu mara nyingi, lakini kila nikitubu nasikia kama ananiuliza, sasa ulitaka kusema nini?

Tena nikuambie ukweli wangu wote. Siku hizi nami naiona inajengwa. Nikikaa pale na mashuka yangu mapajani, mchana umetulia, Mama amesinzia, naweza kusikia mtu anagonga jiwe mbali. Nikisimamisha cherehani na kugonga kunasimama. Nikiendelea kunaendelea.

Usinicheke.

Picha kwa sasa nimeishusha kidogo, namfutia Mama kioo maana nzi wamekichafua. Nitaitundika tena.

Wifi yako wa cherehani


9 Machi

Wifi,

Sijangoja jibu lako. Jibu lako likija kabla hujasoma hii, litakuwa jema kuliko ninavyostahili.

Nimeiharibu picha.

Nilikuambia nafuta kioo. Nilikuwa nimeshaiharibu wakati nakuandikia, siku mbili kabla yake, na mkono huu uliandika "nitaitundika tena" ukijua unachofanya. Nimesali, nimeona haitoshi kumwambia Mungu peke yake.

Ilikuwa hivi. Nilitoa kioo, nikakiosha kikang'aa. Nikaona na picha yenyewe ina vidoti vya nzi kule juu mawinguni. Nikaigeuza nyuma, chini ya lile neno lako nikaona umeandika kwa herufi ndogo: Rangi ya maji. Moyo wangu ukatulia! Kwa sababu jikoni kwetu ukuta ni rangi ya maji. Miaka yote kaka yako ananifundisha: ya mafuta futa na kitambaa kikavu, ya maji ifute kwa maji na sabuni kidogo, haitoki hata ukisugua. Kila Jumamosi nasugua ukuta ule. Nikasema, kumbe wifi yangu ametumia rangi ya nyumbani.

Nikalowesha kitambaa cheupe, kipande cha shuka, nikaanza juu.

Wifi, mbingu yote ikaingia kwenye kitambaa. Mpito mmoja tu wa mkono. Mawingu, buluu, lile giza zuri la kama mvua inakuja, vyote viko mkononi mwangu vinachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilipozinduka nilikuwa nimefika kwenye vichwa vya nguzo. Nguzo zimebaki, zimepauka. Tao lipo. Mzee yupo, ameketi palepale juu ya jiwe, hakulowa hata kofia. Lakini juu yake hakuna mbingu. Kitambaa sijakifua. Ningewezaje? Nimekianika ndani ya kabati, kimekauka na buluu yake.

Kaka yako aliporudi nilimwonyesha. Akaitazama, akajikuna kijani chake. "Hii si rangi ya maji ile, mama. Hii ni rangi ya maji ya wasanii."

"Sasa mbona mmezipa jina moja?"

"Mimi sikuzipa jina, mimi napaka." Kisha akaniona ninavyolia, akalainika. "Nyamaza. Kesho nitairudishia mbingu, nimebakiza ndoo nusu ya buluu ya wodi ya watoto."

"Na brashi ya inchi nne?"

"Nina ya inchi mbili," akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilicheka, lakini picha nimeificha asiifikie.

Sasa nisikilize, maana haya si makubwa kuliko linalokuja. Karatasi ilipokauka nikaipeleka dirishani. Pale palipokuwa na wingu zito, juu ya nguzo, kuna mistari ya penseli. Kuna paa! Paa zima, wifi, lina mbao zake na vigae vyake vidogo vimepangwa safu kwa safu, limekaa juu ya nguzo zote kama kofia kichwani. Nilipiga magoti pale pale.

Ni wewe uliyelichora, au ni nini? Niambie. Kwa sababu Mama kila asubuhi anauliza mbona ukuta uko mtupu, nami namwambia mafundi wameenda kupumzika. Alishasema, paa likikaa anahamia. Na paa limekaa. Limekaa kwa mkono wangu.

Siwezi kumwonyesha. Na uongo wa kumpa umeniishia.

Wifi yako


20 Machi

Wifi yangu,

Usilie tena. Picha ni karatasi, nami sijakasirika. Soma pole pole, nami niandike pole pole.

Paa nililichora mimi. Katika ukumbi wa chuo kuna picha kubwa ya magofu, wanafunzi huwekwa mbele yake wainakili. Mwaka ule alipokufa Baba, nilipata karatasi iliyotupwa ambayo ilikuwa safi upande mmoja, na vidonge vya rangi vilivyobaki kwenye sinki. Nikakaa nyuma yao wote. Nikachora nguzo, nikachora tao. Kisha mkono ukaendelea wenyewe juu, nikaweka paa. Mimi ni mtoto wa mwashi, wifi. Sijui kuacha nguzo zimesimama hivi hivi. Mwalimu akapita nyuma yangu akacheka, hakucheka vibaya, akasema, "Haya ni magofu, bibie. Magofu hayana paa." Wote wakageuka. Niliona aibu, nikachanganya nyeupe nzito na buluu na nyeusi nikalifunika lote kwa wingu. Lile wingu mlilokuwa mnalisifu lilikuwa aibu yangu.

Umeona nimeandika "mwalimu akapita nyuma yangu"? Mimi si mwalimu. Nafagia. Nafagia madarasa manne na ukumbi, naosha masinki, naondoa rangi sakafuni kwa kisu. Miaka tisa. Barua ya kwanza kabisa niliandika "nafanya kazi chuo cha uchoraji", nanyi mkafurahi mno, mkajibu "hongera mwalimu", nikaacha. Kila mwaka ikawa ngumu zaidi kulitoa. Mazishi ya Baba niliweka nguo ndani ya begi, nikafika kituo cha mabasi, nikakata tiketi. Nikakaa kwenye benchi nikawaza viti vya kuazima na watu wote wakiniuliza habari za wanafunzi wangu. Basi likaondoka mbele ya macho yangu. Nikarudi nikachukua fagio. Kisha nikachora ile picha.

Kwa hiyo hakuna mitihani inayonizuia. Nimeomba likizo, naanza tarehe tisa Aprili.

Nakuomba kitu kimoja. Igeuze picha, uso uangalie ukuta. Asilione paa kabla sijafika. Nitakuja na rangi, nitarudisha wingu kama lilivyokuwa, hata zito zaidi. Mwambie mvua imewasimamisha mafundi. Mwambie chochote. Wewe unajua kumsomea.

Wifi yako wa mbali


1 Aprili

Wifi yangu, mdogo wangu,

Barua yako imechukua siku kumi njiani, na Mama hakungoja.

Siku tano zilizopita aliacha uji. Hakuukataa kwa hasira, aliufunga mdomo tu na kugeukia ukuta ule mtupu. Siku ya kwanza nikasema hamu imepotea. Ya pili nikamwita muuguzi. Ya tatu asubuhi nikakaa kando yake nikasema, Mama, unataka nini?

"Nataka kuona walipofika."

Nikasali pale pale, macho wazi. Nikasema, Mungu wangu, nikimwonyesha ataenda, na nisipomwonyesha ataenda kwa njaa. Basi na aende akiwa anaangalia kitu. Nikaitoa kabatini nikaiweka mikononi mwake, nikashika upande wa kitanda.

Akaitazama muda mrefu. Akaisogeza karibu na jicho lile lililo bora. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, wifi. Halafu akaniambia, "Hii ni nini?"

"Ni paa, Mama."

"Paa gani la penseli? Hii ni ramani! Nimekaa na mwashi miaka arobaini na sita, leo unanionyesha ramani unaniambia paa?" Akaipiga karatasi kwa kidole. "Amechora tu. Hata mbao moja hawajapandisha. Mtu atahamia kwenye ramani, mvua imnyeshee?"

"Hapana, Mama."

"Uji uko wapi?"

Nilitoka mbio, nikaunguza wa kwanza, nikapika mwingine. Alikula bakuli zima, huku akilalamika kwamba mafundi wa siku hizi wanachora sana na hawapandi juu.

Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Aliyechora hivi vigae ni nani?" Nikasema, ni binti yako. Akasema, "Basi mwambie aje avimalizie. Kazi haiachwi kwenye ramani."

Kwa hiyo usije na wingu. Ameshaliona paa, na analitaka.

Kuhusu hilo lingine, kwanza nikuambie mimi nilijua. Mwaka ule uliponiandikia namna ya kutoa doa la rangi kwenye shuka, sabuni ya kipande, maji baridi, usisugue, gonga gonga, nilijiambia, hakuna mwalimu duniani anayejua haya. Nikanyamaza kwa sababu niliona unapenda ninyamaze. Kaka yako nimemsomea barua. Akasema, "Yeye anafagia wanapochora, mimi napaka wanapougua. Aliyekwambia kuna mwalimu ukoo huu nani?" Lakini alitoka nje kidogo, aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia rangi.

Na Mama nimemwambia. Nisamehe, nimechoka kumsomea mambo ambayo hayakuandikwa. Nikamwambia, Mama, binti yako hafundishi, anafagia madarasa. Akauliza, "Anafagia vizuri?" Nikasema naamini hivyo. Akasema, "Mzee hakuanza kazi hata siku moja mahali ambapo hapajafagiwa. Alikuwa anafagia yeye mwenyewe, hamwachii mtu." Akajifunika shali. "Huyo ni mtoto wake, si wangu."

Njoo.

Wifi yako wa cherehani


9 Aprili

Wifi,

Karatasi hii sitaitia posta. Nitakukabidhi mwenyewe mlangoni, maana nikianza kuongea nitaharibu.

Niko kituo cha mabasi, benchi lilelile. Nina begi, nina rangi vidonge sita ambavyo mwalimu amenipa kwa mkono wake. Nilimweleza picha inakwenda kuwekwa paa. Akafikiri, akasema, "Mwenye nyumba ndiye anayejua."

Nimesimama.

Nimepanda. Nimekaa dirishani. Mwandiko umeharibika kwa sababu linatembea.

Wifi yako njiani


2 Mei

Wifi yangu,

Huku nilikokuja kwa binti yetu mimi na kaka yako, mjukuu ameshuka salama juzi, mkubwa, ana mashavu kama mabulungutu ya pamba, na mama yake anaendelea vizuri. Mungu ni mwema kwangu kila upande. Miaka minne sijalala nje ya nyumba ile, na nisingekuja kumshika mtoto huyu kama wewe usingekuwa pale. Nashukuru mpaka naona aibu.

Lakini kaka yako ameniandikia. Anasema unapaka kigae kimoja kwa siku.

Kimoja, wifi.

Anasema unakaa pembeni ya kitanda tangu asubuhi, unachonga penseli, unalowesha brashi, unakausha brashi, unasogea dirishani, unarudi. Jioni kigae kimoja. Na Mama hana jioni nyingi za kukaa ameinua shingo. Anasema juzi Mama alimwambia, "Huyu fundi wetu ni mvivu au ananionea huruma?"

Nakuelewa. Nilipoificha ile picha kabatini nilikuwa nafanya hilohilo unalofanya wewe. Nilidhani nikizuia karatasi nitamzuia yeye. Mungu hazuiwi na kabati. Umekaa mbali miaka tisa, sasa unataka kuzinyoosha hizi siku zifidie zile zote, na hazinyooki, mdogo wangu, zinakatika tu.

Ameomba paa. Mpe. Kazi haiachwi kwenye ramani, amesema mwenyewe.

Tumia kile kitambaa changu kilicho kabatini ukiona kinafaa. Nimekaa nacho muda mrefu, na sijui nani mwingine ningemrudishia mbingu yake.

Wifi yako, bibi wa watu sasa


11 Mei

Wifi yangu,

Barua yako nilimsomea Mama yote, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa. Nilipofika kwa "mvivu au ananionea huruma" alicheka mabega tu. Nilipofika mwisho akasema, "Umesikia bibi wa watu anavyosema? Paka."

Nilikitoa kitambaa. Nilikiweka kwenye kibakuli, nikamwagia maji kidogo, nikakikamua. Maji yakatoka buluu ya majivu, hafifu, na sabuni yako kidogo, inanukia jikoni. Sikutumia vidonge vya mwalimu. Niliosha vigae vyote vilivyobaki kwa maji yale, safu moja kila saa, Mama akinielekeza. "Anza chini, nenda juu. Kigae cha juu kinakikalia cha chini. Usiruke." Kaka aliporudi kutoka kazini alikaa mlangoni na ndoo yake, hakutoa mzaha hata mmoja. Kwa hiyo paa la Baba limetoka rangi ya mbingu, wifi. Ukilitazama haraka huoni linapoishia paa na hewa inapoanzia. Ukitulia unaliona lote.

Hiyo ilikuwa Alhamisi mchana. Nikasema, "Mama, limekwisha."

Akataka aletewe magotini. Akaangalia kwa jicho lile lililo bora, kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilikaa sakafuni nikaegemeza kichwa kwenye kitanda, mahali nilipokuwa nakaa nikiwa mdogo. Pazia lilikuwa linapumua kidogo kidogo. Nilisikia mtu anagonga jiwe, mbali, na cherehani yako ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, kwa hiyo si hiyo. Nikamwangalia Mama kama na yeye anasikia. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa mapigo yale.

"Limepinda kidogo kushoto," akasema. "Baba yako angeliona kwa pimamaji. Lakini asingesema."

Kisha akaniuliza, "Rangi imekauka?"

Wifi, rangi ya aina hii inakauka kabla hujamaliza kuosha brashi. Nilijua unachoniambia kwenye barua yako, kwamba siku hazinyooki. Nilimaliza paa kama ulivyosema, sikuacha kigae hata kimoja. Lakini aliponiuliza hivyo ulimi wangu ulifanya kama wako.

"Bado, Mama. Mbichi."

"Haya," akasema. "Nyumba haiingiwi rangi ikiwa mbichi." Akalala.

Ijumaa akaniuliza tena. Nikasema bado. Jumamosi vilevile. Nilikuwa nasubiri aniambie acha uongo, nami nilishajiandaa kusema ukweli. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi nikifagia.

Leo asubuhi nimefungua pazia. Jua limeingia, vivuli vya nguzo vimeanza kusogea. Mama akaiomba picha. Safari hii hakuniuliza. Alinyoosha kidole cha shahada, akakipitisha juu ya paa, kigae kwa kigae, safu ya chini, ya kati, ya juu, pole pole kama anayemsomea mtu. Akakiinua kidole akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu, hakina hata doa.

Akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, wifi, kama anayefidia miaka yote tisa.

"Kweli," akasema. "Bado mbichi."

Akaomba uji.

Wifi yako wa humu ndani